Mpiga kafi aliyezimia majini: namna ya kumwokoa na kumrudishia pumzi kwenye maji ya Lamu

Mtu anayezama hufa kwa kukosa hewa. Moyo wake mara nyingi hauna kasoro. Unasimama kwa sababu damu inayoufikia imeishiwa na oksijeni. Kwa hiyo mpango mzima wa kumwokoa hufuata jambo hili moja: pumzi kwanza, kifua baadaye, na maji yaliyo tumboni yaachwe yalivyo.

Tunaanza na hili kwa sababu watu wengi wenye nia njema bado wanamning'iniza mtu miguu juu, wanamlaza kifudifudi juu ya pipa, au wanamkamua tumbo ili "ateme maji". Maji yanayotoka hapo ni ya tumboni, na yakipanda kooni humwingia mapafuni na kumzidishia madhara. Wakati huo wote hakuna hewa inayoingia, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi.

Mwongozo huu ni wa manahodha wa mashua na boti za faiba, vijana wa ufuoni Shela, wafanyakazi wa hoteli za Manda, na wanaoongoza wageni kwa kayaki kwenye mikoko ya Takwa na Kipungani. Kuusoma hakutoshi. Kila hatua iliyo hapa inahitaji kufanywa kwa mikono mara kadhaa siku ya maji matulivu, kabla haijahitajika.

Wapi na kwa nini

Mahali pa kuogopa zaidi ni mlango wa mkondo kati ya Shela na Ras Kitau, upande wa Manda. Maji yakipwa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi) huku kusi inavuma, mkondo unatoka nje na upepo unaingia ndani. Mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali, na kayaki hupinduka hata mikononi mwa mzoefu. Ndani ya mkondo, kati ya mji wa Lamu na Manda, hatari ni boti za kasi na foromali (mti unaobeba tanga) ya mashua inapogeuza. Kwenye miamba ya upande wa nje wa Manda, mtu akitupwa huweza kugonga kichwa.

Kuna na sababu zisizotokana na bahari: kifafa, sukari kushuka, moyo, pombe, jua la saa saba mchana kwa mgeni ambaye hajanywa maji tangu asubuhi. Waulize watu wako kuhusu maradhi kabla ya kushuka majini. Mwenye kifafa au kisukari apige kafi akiwa ubavuni mwa mwenzake muda wote.

Angalia pia jaketi ya kuelea. Jaketi nyingi za kupigia kafi ni za nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelesha). Zinamwelesha mtu aliye macho, lakini hazitengenezwi kumgeuza aliyezimia uso juu. Jaketi za nyutoni 100 au 150 ndizo zinazokusudiwa kumgeuza, ingawa nguo nzito na mawimbi huweza kuzishinda. Basi usione rangi ya chungwa inaelea ukadhani yu salama. Ukimwona mtu hajasogea, mfuate.

Sekunde za kwanza

Piga kelele na filimbi, kisha mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumnyooshea kidole aliyezama bila kuondoa macho. Kichwa kinachoelea katikati ya mawimbi ya nusu mita hupotea kwa kufumba na kufumbua, na mkondo wa bamvua unamchukua huku nyinyi mnatafuta pale alipoangukia.

Papo hapo mwingine aite msaada. Ndani ya mkondo wa Lamu msaada wa haraka ni chombo kilicho karibu, kwa hiyo paaza sauti, punga kafi juu, na uwe na namba za manahodha wawili watatu kwenye simu. Mwenye redio ya bahari aite chaneli 16, ile ya dharura: aseme "Mayday", neno la kuomba msaada, mara tatu, jina la chombo, mahali alipo kwa alama zinazojulikana, kisha tatizo kwa maneno machache, "mtu mmoja amezimia majini, hapumui". Nchi kavu kuna 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Anayepiga simu aombe na mtu wa kupokea gatini mwenye machela, maana mjini Lamu mgonjwa hupitishwa kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti.

Hesabu wenzake. Kikundi kizima kikimkimbilia mmoja, hupatikana wa pili amechukuliwa na maji. Kiongozi awaamuru waliobaki washikamane, kayaki kwa kayaki, waelekee ufuo ulio karibu wakiwa pamoja.

Wewe mwenyewe vaa jaketi kabla ya kuingia majini.

Kumkaribia

Kwa boti ya mashine, elekeza omo (sehemu ya mbele) dhidi ya upepo au mkondo, chochote kilicho na nguvu zaidi, uje polepole hadi awe ubavuni. Mita chache kabla ya kumfikia, zima mashine kabisa. Kuiacha ikinguruma bila gia hakutoshi: mkono mmoja ukigusa mpini kwa bahati mbaya, panga linamkata. Kwa mashua ya tanga, geuza omo kwenye upepo, legeza demani (kamba ya tanga) tanga lipepee, na mtu mmoja aichunge foromali isije ikampiga mwokoaji aliyesimama.

Ukiwa kwenye kayaki yako, baki humo. Mwokoaji aliyeruka majini na kuiacha kayaki yake ichukuliwe amepoteza boya lake kubwa kuliko yote.

Kayaki imepinduka naye yumo ndani

Kayaki nyingi za hapa ni za kukalia juu, na mtu akipinduka huanguka nje. Angalia tu kama mguu umenaswa na mkanda wa kiti au kamba. Kata kwa kisu. Lakini wapo wasafiri wanaokuja na kayaki ndefu za bahari zenye sitaha, ambazo mtu huketi kwenye shimo lililofungwa kwa sketi ya mpira. Akizimia akiwa kichwa chini humo, hatoki mwenyewe. Hapo kayaki hugeuzwa pamoja naye, hivi:

1. Njoo sambamba, ubavu kwa ubavu, kiuno chako kiwe usawa wa shimo lake. Liachie kafi lako likiwa limefungwa kwa kamba.
2. Lala kwa kifua juu ya tumbo la kayaki yake. Uzito wako wote uwe juu yake. Kayaki mbili zilizogusana hazipinduki kirahisi.
3. Mkono mmoja upitishe ng'ambo, chini ya maji, ushike ukingo wa shimo upande wa mbali. Ukiukosa, shika jaketi yake au mkono wake.
4. Mkono wa pili uweke kwenye ukingo ulio karibu nawe.
5. Kwa pamoja, vuta wa mbali kuja kwako na kandamiza wa karibu kwenda chini. Kiwiliwili chake kitatokea upande wa mbali na wewe, na pale ndipo uzito unapokuwa mkubwa. Usikomee hapo. Endelea kuvuta, ukishika jaketi mara tu inapoonekana, hadi alale juu ya sitaha.
6. Mshikilie. Aliyezimia hana mizani, na akiachwa kidogo anarudi chini.

Kinachoharibu zaidi ni kuvuta bila kukandamiza. Ukivuta tu, unajipindua mwenyewe. Ikishindikana mara mbili, acha. Tafuta kitanzi cha sketi mbele ya shimo, kivute kwenda mbele kisha juu, sketi ifunguke, halafu mtoe kwa kumvuta mabega ya jaketi.

Akishainuka, rudisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, na umpulizie hapohapo huku kayaki zimeshikamana. Ukiwa na mwenzako, yeye ashike kayaki zote mbili na wewe ushughulike na pumzi.

Yuko nje, amelala kifudifudi

Mkaribie kutoka upande wa kichwa. Mkono wako wa kulia ushike kifundo cha mkono wake wa kulia, vuta ukizungusha, naye atageuka uso juu. Msogeze ubavuni mwa kayaki, au mwegemeze kwenye boya ukiwa majini. Kama una boya refu au mfuko mkavu uliojaa hewa, upitishe chini ya mabega yake. Kichwa kitaanguka nyuma chenyewe, na njia ya hewa itafunguka bila wewe kutumia mkono wa tatu ambao huna.

Tazama kifua na sikiliza mdomoni, usizidi sekunde 10. Pumzi za kukata roho, zile za kukoroma mara moja halafu kimya kirefu, zihesabu kuwa hapumui. Hapo ndipo waokoaji wengi hudanganyika, wakamwacha mtu akienda huku wanashukuru kwamba "bado anavuta".

Kumpulizia ndani ya maji ni kazi ya aliyefundishwa na aliye na kitu cha kumwelesha. Ikiwa wewe mwenyewe unahangaika kuelea, usijaribu. Mvute haraka utoke. Ukiweza, mpulizie kama pumzi 10 ndani ya dakika moja. Kumpulizia mdomoni huku umembana pua ni kazi ngumu majini, kwa kuwa mkono mmoja unashika kidevu na wa pili unamwelesha, na hakuna wa kubana pua. Njia nyepesi ni kumfunga mdomo kwa mkono ulioshika kidevu na kumpulizia puani. Hewa inapita vizuri tu.

Mara nyingi mtu aliyeacha kupumua punde tu, moyo ukiwa bado unapiga, hujibu kwa pumzi hizi chache. Ndiyo sababu tunasisitiza zisingojee ufuo.

Usijaribu kubonyeza kifua majini. Chini yake hakuna kitu kigumu, kwa hiyo unamsukuma tu azame na hakuna damu inayokwenda popote. Kuhusu shingo: iliyovunjika ni nadra kwa waliozama, isipokuwa aliyejirusha kichwa mbele kwenye maji mafupi au aliyegongwa na boti au mwamba. Huyo mshike kichwa na kiwiliwili katika mstari mmoja kadiri uwezavyo, lakini pumzi isicheleweshwe kwa ajili ya shingo.

Ufuo au chombo?

Baada ya ile dakika ya kwanza ya pumzi, amua. Kama utafika penye sakafu ngumu chini ya dakika 5, mvute ukisimama kidogo njiani kumpulizia. Kama ni zaidi ya dakika 5, mpulizie dakika moja nyingine hapo ulipo, kisha mvute moja kwa moja bila kusimama tena.

Pima dakika hizo kwa ukweli. Kumvuta mtu kwa kayaki dhidi ya mkondo unaopwa, dakika 5 huenda zisikufikishe mita 200. Ndiyo maana katika mkondo wa Lamu jibu huwa mashua au faiba mara nyingi kuliko ufuo. Pembeni mwa kijito cha Takwa, ardhi unayoiona imekaribia ni tope la mikoko: mtu anazama hadi magotini, na ukimlaza mgonjwa humo kila ubonyezo unaishia kwenye tope. Sakafu ya mashua inashinda tope siku zote. Fungu la mchanga lililoibuka maji yakipwa ni zuri, mradi ujue litabaki kavu kwa muda gani.

Kumpandisha kwa turubai au tanga

Kumvuta mtu mzima aliyelegea kwa mikono, wima, hadi juu ya ukingo wa mashua, huwachosha watu watatu na humgonga mgonjwa mbavu. Mviringishe badala yake. Turubai la mita 2 kwa 3 linatosha, na kama halipo, tumia upande wa chini wa tanga.

1. Funga ukingo mmoja wa turubai ndani ya mashua, sehemu mbili, moja kila upande wa pale atakapopandia.
2. Ukingo wa pili ushikwe na watu wawili. Katikati iachwe itumbukie majini iwe kama bembea.
3. Mwelekeze mgonjwa aelee ndani yake, sambamba na ubavu wa mashua, uso juu, mikono kando.
4. Wawili wavute ukingo wao juu kwa pamoja. Naye atajiviringisha akipanda hadi aangukie ndani.

Kwa kuwa upande mmoja umefungwa, mikono inabeba karibu nusu ya uzito. Mtu wa kilo 80 huhisiwa kama kilo 40. Faida ya pili ni kwamba anapanda akiwa amelala. Kumtoa mtu wima baada ya kukaa majini huweza kuiangusha presha yake ghafla. Abiria wengine wote waketi ubavu wa pili, la sivyo mashua itainama na kuingiza maji.

Kosa la kawaida ni kumwingiza turubaini kwa mshazari, miguu ikatangulia. Hapo huzunguka na kuteleza akatoka. Anza upya haraka, usimburute. Na kama kufunga kunachukua zaidi ya dakika moja, liache turubai: wawili wamshike mabega ya jaketi, wamzamishe kidogo kifuani, na wamvute juu pale jaketi inapomrudisha.

Kumrudishia pumzi na moyo

Mlaze chali juu ya mbao tambarare, katikati ya chombo au karibu na tezi (sehemu ya nyuma) ambako kutikisika ni kidogo. Asilale juu ya mataruma (mbavu za chombo) matupu wala juu ya nyavu na kamba. Ufuoni Shela, ambako mchanga unateremka, mlaze sambamba na mstari wa maji ili kichwa na miguu viwe usawa mmoja. Msogeze mbali na wimbi kwa hatua chache tu, juu ya mchanga mgumu uliolowa; ule mkavu na laini wa juu humeza nguvu ya mikono yako. Usimpeleke hadi kivulini.

Anza kwa pumzi 5. Rudisha kichwa nyuma kwa kiganja kwenye paji la uso, inua kidevu kwa vidole viwili, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza kwa sekunde moja hivi hadi uone kifua kinapanda. Acha kishuke, rudia. Miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, ya Marekani na 2, na zote mbili zinakubaliana kwamba aliyezama huanziwa na pumzi. Kifua kisipopanda, kosa mara nyingi ni kichwa hakijarudi nyuma vya kutosha au pua inavuja. Usipulize kwa nguvu zaidi. Hewa ya nguvu huingia tumboni na kuyaleta matapishi.

Asipoanza kupumua wala kusogea, bonyeza kifua. Weka sehemu nene ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kidari, kwenye nusu ya chini ya mfupa wake. Usishuke hadi kwenye chembe cha moyo. Mkono wa pili juu ya wa kwanza, viwiko vimenyooka, mabega juu kabisa ya mikono. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya kubonyeza acha kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Wanaochoka huanza kuegemea, kifua hakirudi, na moyo haujai damu.

Bonyeza 30, pumzi 2, bonyeza 30, pumzi 2. Hesabu kwa sauti moja hadi kumi mara tatu. Ukihesabu mfululizo hadi thelathini, kufika "ishirini na saba" neno lenyewe limekuwa refu kuliko ubonyezo, na mkono unapunguza mwendo kulifuata. Duru ya 30 ichukue sekunde 15 hadi 18. Badilishaneni kila dakika 2 hata kama anayebonyeza anasema ana nguvu bado. Mbavu zikilia, sahihisha mahali pa mkono na uendelee.

Kwa mtoto, pumzi 5 zilezile za kuanzia, kisha bonyeza theluthi moja ya unene wa kifua, kwa mkono mmoja kama ni mdogo. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, mikono ikiwa imemzunguka kifua, na mdomo wako hufunika mdomo na pua yake pamoja, ukipuliza kwa hewa ya mashavuni tu.

Video nyingi za simu zinafundisha kubonyeza kifua pekee bila kupuliza. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa moyo, ambaye damu yake ingali ina oksijeni. Aliyezama hana akiba hiyo. Hata hivyo, asiyeweza kabisa kupuliza abonyeze tu, kwani hilo ni bora kuliko kusimama kutazama.

Ikiwa hoteli iliyo karibu ina mashine ya kushtua moyo, iletwe. Kausha kifua kwa leso, bandika vibandiko, fuata sauti ya mashine. Pumzi na kubonyeza viendelee huku inaandaliwa.

Boti ikiwa mbioni kwenye mawimbi, hakuna anayeweza kubonyeza sawasawa. Nahodha apunguze mwendo hadi mikono itulie. Ikiwa chombo ni kidogo mno na hakuna nafasi ya kupiga magoti, basi kipaumbele kiwe kufika, na pumzi zitolewe kila inapowezekana.

Povu na matapishi

Povu jeupe au la waridi hutoka mdomoni na puani, wakati mwingine kwa wingi wa kutisha. Halina mwisho ukilifuta. Puliza juu yake.

Matapishi ni jambo jingine, na kwa aliyezama yategemee. Mgeuze mwili mzima kwa upande, kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja, komba mdomo kwa vidole vilivyozungushiwa leso, mrudishe chali, endelea ulipoachia. Kazi hii isizidi sekunde chache.

Aliyezama akiwa mwanamke

Ufuoni hutokea wanaume wakasitasita, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kanuni ya dini inajulikana: dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na roho inayotoka ni dharura. Mpulizie. Nguo hufunuliwa pale tu inapozuia mkono kufika kidarini au vibandiko kushika ngozi, na leso itandazwe juu yake mara kazi inaporuhusu. Wanawake waliopo wawekwe kumzunguka kama pazia. Wanaotaka kupiga picha waondolewe.

Akirudi

Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini, mguu wa juu umekunjwa umzuie asirudi kifudifudi. Mvue zilizolowa, mfunike kwa kikoi au leso kavu. Hata maji yetu ya joto humpokonya mtu joto, na upepo wa faiba inayokimbia huongeza. Asipewe chai, maji wala tende. Kaa naye ukiangalia kifua kikipanda, maana anaweza kuacha kupumua tena, na ikitokea hivyo mrudishe chali uanze na pumzi.

Usiache kumhudumia kwa sababu ya rangi yake au ubaridi wa ngozi. Endelea hadi apumue, hadi mhudumu wa afya apokee, au hadi nguvu ziwaishie nyote.

Kwa ngozi nyeusi, usitafute ubluu usoni. Tazama ufizi, ulimi, upande wa ndani wa mdomo wa chini, na kucha.

Hospitali, hata akisema yuko sawa

Kila aliyepoteza fahamu majini, na kila aliyepuliziwa hata pumzi moja, apelekwe hospitali. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu. Anayetoka Shela au Manda hupelekwa kwa boti, na mwenye kuhitaji rufaa ya mbali hutolewa kupitia uwanja wa ndege wa Manda. Mgeni aliyezinduka hupenda kurudi chumbani kulala, na hapo ndipo msimamo wa kiongozi unapohitajika. Maji kidogo yaliyogusa mapafu huweza kuyaharibu polepole, na dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 4 hadi 8: kukohoa kusikokoma, kupumua haraka, kifua kubana, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa. Kulala peke yake ndiko kunakozificha.

Mmoja aliyeshuhudia aende naye na amweleze daktari haya, yakiwa yameandikwa saa kwa saa kama inawezekana: alikaa chini ya maji kwa muda gani kwa makadirio, alipatikana akipumua au la, pumzi zilianza saa ngapi, kifua kilibonyezwa kwa dakika ngapi, alianza kupumua lini, alitapika au hakutapika, aligonga kichwa au la, ana maradhi gani na anatumia dawa zipi. Akiruhusiwa kutoka, alale chumba kimoja na mtu mwingine usiku huo, na arudishwe hospitali mara tu kikohozi kikianza upya au pumzi zikienda mbio.